Waliobeba: Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo

Jumatatu, Ujiji

Nimeanzia Ujiji kwa sababu ndiko watu ninaowafuata walikosikika kwa sauti zao wenyewe. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alipoingia mji huu na msafara wake, watu wa kwanza kumsalimu kwa Kiingereza katikati ya umati walikuwa Abdallah Susi na James Chuma, watumishi wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland. Alichosema Stanley dakika chache baadaye, “Dakta Livingstone, nadhani?”, hukaririwa shuleni hadi leo, lakini walichosema Susi na Chuma, na walichokuja kufanya baada ya hapo, sikumbuki kuulizwa kwenye mtihani wowote. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, na wao pamoja na wenzao wapatao 60 waliukausha mwili wake, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 na kuukabidhi Bagamoyo mwezi Februari 1874.

Nimekusudia kuifuata njia yao kuanzia Tabora kwenda mashariki, kwa kuwa reli ya zamani inakaribiana nayo, na nitakapopita niwatazame wanaobeba, wanaofagia, wanaopika na wanaolinda leo. Sitafuti mashujaa. Nataka kuelewa jambo moja ambalo vitabu vya Wazungu wa zama zile vililijibu haraka mno kwa kusema kwamba wale watu walimpenda bwana wao, kana kwamba upendo wa mtumishi kwa bwana unatosha kueleza miezi tisa ya mzigo kama ule.

Mzee anayefagia uwanja wa kumbukumbu hapa Ujiji alinipokea kwa heshima, akanionyesha jiwe na miembe, kisha akarudi kwenye majani yake. Nilipomwuliza kuhusu Susi, aliegemea ufagio akafikiri. “Huyo alikuwa mtu wa kazi, mwanangu,” akasema. “Wageni hawamwulizii sana.”

Jumanne, Kigoma

Stesheni ya Kigoma iko chini, karibu na maji, mahali ambapo reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika mwaka 1914 na kukomesha kazi ya wapagazi wa misafara. Kabla ya hapo kila kitu kilichotoka hapa kwenda pwani kilikwenda juu ya bega au kichwa cha mtu, na mzigo wa kawaida ulikuwa wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na chungu, mkeka na chakula cha mpagazi mwenyewe.

Kazi ya kubeba haikwisha, ilifupishwa tu. Leo jioni makuli walikuwa wakipandisha magunia ya dagaa na madumu ya mawese kwenye behewa la mizigo, na nilikaa karibu na wawili wanaofanya kazi pamoja, mmoja wa makamo na mwenzake kijana. Yule wa makamo alivaa ngata ya khanga kuukuu iliyoshonwa pembeni kwa uzi wa nailoni, na kabla ya kila gunia aliigeuza kidogo ili upande uliobonyea usikae pale pale kichwani. Adhana ya magharibi ilipolia, alishusha gunia polepole bila kulibwaga, akaenda nyuma ya ukuta ambako ametandika kipande cha turubai. Kijana aliketi juu ya gunia lile lile akalilinda, rozari ikiwa shingoni mwake ndani ya shati. Mwenye mzigo alianza kulalamika kwamba anacheleweshwa. “Anaswali, mama,” kijana akamjibu kwa upole. “Akirudi tutakimbia.” Kweli walikimbia, na mzigo wa yule mama ulipanda wote kabla filimbi haijapigwa.

Nilimwuliza yule wa makamo kwa nini hakumwachia kijana ambebee gunia lile lililobaki. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. “Nikishaweka kichwani ni langu, dada. Nitamwachiaje mwingine?”

Jumatano, ndani ya treni

Usiku tulipita Uvinza, penye chumvi iliyokuwa bidhaa kubwa tangu kabla ya misafara ya Waarabu, kisha tukavuka Malagarasi gizani. Katika behewa letu alikuwamo mama kijana mwenye mtoto mchanga mwenye homa. Mhudumu wa behewa, mwanamke wa miaka hamsini hivi ambaye nilikuwa nimemwona tu akipita na ufagio na ndoo, alikuja mara ya kwanza kuuliza kama kuna chandarua kilichochanika, akamsikia mtoto, na hakuondoka tena. Tulipofika Nguruka alishuka, ingawa treni haikai sana pale, akarudi na chupa ya maji moto aliyoipata kwa mama ntilie. Alilowanisha kitambaa, akampangusa mtoto kwapani na nyuma ya shingo, akamwelekeza mama yake namna ya kumnyonyesha kidogo kidogo bila kumlazimisha. Alikuwa akisema maneno mdomoni wakati wote huo, na nilipokaribia nikatambua kwamba anaomba, kwa sauti ya mtu anayehesabu nguo za kufua. Alfajiri mtoto alilala, naye akachukua ndoo yake akaendelea na choo cha behewa la pili.

Kulipokucha tulisimama Urambo. Hapa mwaka 1892 alifariki Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa katika shule ya wamisionari kule Nasik, Uhindi, ambaye ndiye aliyesoma ibada ya mazishi pale Chitambo, akachonga maandishi kwenye mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake, na kuandika orodha ya vitu vyote vya marehemu ili kisipotee hata kimoja. Alipelekwa Uingereza pamoja na jeneza na alikuwa miongoni mwa walioshika vitambaa vya jeneza hilo ndani ya Westminster Abbey mwezi Aprili 1874. Kisha alirudi Afrika, na kifo chake huku bara kilipita kimya. Dirishani nilimwona mwanamume akiuza asali katika chupa za maji, na watoto wakikimbilia daraja la tatu na mahindi ya kuchemsha. Treni ikaondoka.

Alhamisi, Kwihara

Kutoka Tabora mjini hadi Kwihara nilikwenda kwa bodaboda, barabara ya mchanga kati ya mashamba na miembe. Tembe lililojengwa upya kwa udongo na paa bapa limesimama mahali ambapo Livingstone na Stanley waliishi mwanzoni mwa 1872, na ambapo Livingstone alibaki hadi Agosti mwaka ule akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka Zanzibar. Walipofika, Jacob Wainwright alikuwa mmoja wao.

Anayelitunza tembe hili alikuwa akipangusa mlango wa mbao kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, akifuata mchongo mmoja baada ya mwingine kwa ncha ya kidole. Tuliamkiana kwa Kinyamwezi, “Mwangaluka,” ambacho ndicho karibu Kinyamwezi chote nilicho nacho. Aliniambia kwamba huja asubuhi hata siku ambazo anajua hakuna mgeni, kwa sababu, kwa maneno yake, nyumba isiyofunguliwa hunuka, na mgeni haarifu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinipitisha vyumbani, akaniachia nafasi nisome, akasimama mlangoni.

Ni hapa ambapo jambo lenyewe lilipimwa, na ndiyo maana nimekaa hapa kutwa nzima. Mwezi Oktoba 1873 Chuma alitangulia msafara akileta barua iliyoandikwa na Jacob, akamkuta hapa Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia mtu ambaye tayari alikuwa amekufa. Mwili ulipofika, Cameron aliwashauri wauzike papa hapa, kwa kuwa njia ya mbele ni ya hatari na wamekwisha kufanya ya kutosha. Alikuwa ofisa, wao walikuwa wapagazi na watumishi. Wakakataa. Hawakufanya fujo wala hawakumtukana, walisema tu kwamba wamekubaliana kumpeleka pwani, na wakampeleka.

Ukisoma habari hizi polepole unaona kwamba hata kule Chitambo hawakuongozwa na huzuni peke yake. Waliitana shaurini. Walifungua masanduku mbele ya mashahidi. Farjallah Christie, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar na kujua kidogo mambo ya mwili wa binadamu, alipewa kazi ya kuupasua kwa msaada wa Carus Farrar. Mwili ulitiwa chumvi ukaanikwa juani kwa siku 14, ukafungwa kwa nguo na kwa gamba la mti lililobanduliwa kama bomba, na juu yake turubai iliyoshonwa. Ndani ya kundi lile walikuwamo Waislamu kama Susi, Wakristo waliobatizwa kama Chuma na Jacob, na wengine ambao dini yao hakuna aliyeiandika. Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama ushahidi wa imani ya marehemu. Mimi naona ushahidi wa imani yao wao, imani iliyokuwa na mikono, kamba na sindano ya kushonea turubai, na ambayo haikuhitaji kwanza wakubaliane Mungu anaitwaje.

Wapo wasemao kwamba waliogopa tu kulaumiwa kwa kifo chake wasipomfikisha. Hofu hiyo bila shaka ilikuwapo, na orodha ya Jacob inaionyesha. Lakini hapa Kwihara walikuwa tayari na Mwingereza mwenye cheo aliyejua yaliyotokea na kuwaruhusu waache. Hofu ya lawama ilikuwa imekwisha siku ile. Kilichowafanya waendelee kilikuwa kitu kingine.

Ijumaa, Tabora

Baada ya swala ya Ijumaa nilikuwa nimesimama karibu na soko jeneza lilipopita. Sikumjua marehemu, na nilivyosikia mazungumzo, wengi waliokuwa sokoni hawakumjua pia, kwa kuwa alikuwa mgeni mzee aliyefia kwa jamaa zake. Hata hivyo, fundi viatu aliweka chini sindano akainuka. Kijana wa mkokoteni aliacha mkokoteni wake wenye viazi katikati ya njia. Wakaingia chini ya jeneza, wakalichukua begani hatua chache, kisha wakawapisha wengine waliokuwa wakisubiri zamu, nao wakarudi kazini wakijipangusa jasho. Yeyote aliyekulia katika miji yetu ya Waislamu ameliona jambo hili tangu utotoni: maiti apitapo, mwenye bega hulitoa, bila kuuliza jina, kabila wala deni la marehemu.

Ndipo nilipomfikiria Susi vizuri zaidi. Kwake yeye, maiti aliyefia safarini ana haki juu ya walio hai wanaomzunguka, na ukubwa wa jina la marehemu hauongezi wala kupunguza haki hiyo. Tofauti ni kwamba hapakuwa na watu wa kupokezana nao njia nzima. Kinyume chake, mashariki ya hapa, walipofika Kasekera, wenyeji walikataa katakata maiti isipite kwao. Wapagazi wale wakatafuta hila. Walifunga mabua ya mtama kwa nguo kama maiti, wakawatuma wenzao wachache warudi nayo kwa majonzi njia ya Unyanyembe, yaani upande wa Tabora, kana kwamba wanakwenda kuzika, na wale walipofika msituni usiku waliyatupa mabua huku na huku, wakarudi kwa njia nyingine. Mwili wenyewe ulifungwa upya ukafanana na mtumba wa kawaida wa nguo, na ukaendelea kwenda pwani mbele ya macho ya watu. Napenda sana sehemu hii ya kisa. Uchaji wa wale watu haukuwazuia kuwa wajanja.

Jumamosi

Kutwa nzima ya kungoja treni. Nimenunua asali, nimelala mchana, nimepanda usiku.

Jumapili, Saranda hadi Kilosa

Saranda wasafiri wa reli hii wanaijua kwa kuku. Treni iliposimama, wanawake walikuwa tayari wamejipanga chini ya madirisha, masinia vichwani, wali na kuku wa kukaanga, kila mmoja akiita kwa sauti yake. Dirisha la mbele yetu lilikuwa na babu aliyekuwa akimpeleka mjukuu Dodoma hospitali. Aliuliza bei, akahesabu fedha zake, akakunja tena kitambaa. Mama aliyekuwa chini aliona. Alimpa sahani ya plastiki iliyojaa, kisha akajifanya anampigia kelele mteja wa dirisha la pili ili babu asipate nafasi ya kubishana. Babu aliponyosha noti yake ndogo, mama yule alisema, “Shikamoo babu, hiyo utanipa ukirudi,” akasogea mbele. Nilimfuata kwa macho hadi treni ilipoondoka. Hakugeuka kutazama kama wema wake umeonekana.

Ilinikumbusha Halima, mpishi wa Livingstone. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba ni mwanamke mwangalifu, haibi, na kwamba wakifika Zanzibar atampa uhuru na kumnunulia nyumba na shamba. Hawakufika Zanzibar pamoja akiwa hai. Halima alitembea na maiti yake hadi pwani, na Horace Waller, aliyehariri maandishi ya mwisho ya marehemu, alikiri kwa masikitiko kwamba utumishi wake wa miaka mingi haukulipwa kitu. Waliobeba waliandikwa kidogo, na huyu aliyewapikia waliobeba akaandikwa mistari michache tu.

Baada ya Gulwe reli huingia bonde linalofuata mto hadi Kilosa, na hapa ndipo mafuriko yameivunja mara nyingi, maji yakila tuta na kuacha reli ikining’inia hewani na mataruma yake. Treni ilipunguza mwendo, kisha ikasimama. Watu wa gengi walikuwa wakishindilia kokoto, na mmoja wao, mwenye spana ndefu begani, alisogea dirishani kuomba maji ya kunywa. Nikampa chupa, tukazungumza. Aliniambia kwamba wakati wa masika hutembea kwa miguu juu ya reli mbele ya treni, usiku na mvua, akimulika kwa tochi na kugonga penye mashaka, na kwamba abiria wanaopita baadaye huwa wamelala.

Nikamwuliza kama haogopi. “Naogopa kila siku, dada. Naomba ndipo natoka. Mungu anaiona njia kabla yangu, mimi nakwenda kuhakikisha.” Akacheka mwenyewe kwa jibu lake, akanirudishia chupa ikiwa na maji nusu, akisema wengine mbele wataomba pia. Na kweli waliomba.

Jumatatu, Dar es Salaam

Nimelala. Mchana nimetafuta basi la Bagamoyo bila haraka.

Jumanne, Bagamoyo

Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, inafikiwa kwa njia ndefu yenye miembe pande zote mbili. Huku ndiko mwili ulikolala usiku mmoja kabla ya kuchukuliwa Zanzibar na meli ya kivita ya Kiingereza iliyoitwa Vulture. Wabebaji walilipwa ujira wao wakaambiwa waende zao. Susi na Chuma hawakupewa nafasi melini. Walifika Uingereza baadaye, kwa gharama ya James Young, rafiki wa marehemu, wakamsaidia Waller kuyapanga maandishi, kisha wakarudi. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilitengeneza medali kwa ajili ya wote waliobeba, lakini zilipofika pwani wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika katika misafara mingine. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882. Susi aliishi hadi 1891. Matthew Wellington, mmoja wa vijana wa Nasik, alizeekea Mombasa na kufa mwaka 1935, na nadhani wapo wazee wachache wa huko ambao wazazi wao walimwona.

Mama aliyekuwa akisafisha sakafu karibu na mnara aliniomba nisubiri ikauke. Nikakaa naye nje. Nilipomwambia nilikotoka na kwa nini, alikung’uta tambara, akaniambia kwamba mwezi wa Novemba, Wakatoliki wanapowaombea marehemu, yeye huwaongeza wale waliomleta Mzungu, kwa kuwa anaisafisha sakafu waliyoipita na anaona si adabu kuwasahau. Huwaombea kwa jumla, akasema, maana majina hayajui isipokuwa Susi na Chuma.

Nilichana ukurasa katika daftari nikamwandikia niliyonayo: Abdallah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright, Farjallah Christie, Carus Farrar, Matthew Wellington, Manua Sera, Chowpere, Amoda, Ntaoeka, Halima. Aliyasoma moja moja kwa sauti, akasimama kwenye la Halima.

“Huyu Mwislamu?”

“Jina lake ni la Kiislamu, mama. Zaidi ya hapo hawakuandika.”

“Basi nitamtaja hivyo hivyo,” akasema, akaikunja karatasi na kuifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akaniuliza kama wengine walioandikwa naweza kumpatia, kwa sababu 11 kati ya 60 ni wachache, naye Novemba ana nafasi. Nikamwahidi nitakayoyapata nitamtumia kwa simu ya mwanawe, na akanitajia namba polepole, akihakikisha nimeiandika sawasawa, kabla hajaniruhusu kukanyaga sakafu.